Kutu si cheti cha kuzaliwa
Wanunuzi wengi wa mapambo ya bustani kwenye maduka ya vitu vya kale huamini kwamba kutu, au ukijani juu ya shaba, ni ushahidi wa umri. Sivyo. Siki, chumvi na amonia huipa shaba mpya ukijani huo kwa siku chache tu. Chuma kisichopakwa rangi kikinyeshewa msimu mmoja, kutu tayari.

Lipindue benchi, utazame skrubu. Zenye kichwa cha msalaba zilianza kuenea miaka ya 1930. Basi benchi linalodaiwa kuwa la enzi ya Malkia Victoria, aliyefariki 1901, likiwa nazo, ama limekarabatiwa ama ni jipya. Mimi huanza na mahali pa kuegemeza mikono: matumizi ya kweli hulainisha pale watu wanaposhika, hayachakazi kila sehemu sawasawa.