Kitufe cha mteremko si gia

Ukishuka kutoka Kapchorwa, mashariki mwa Uganda, ukishapita Sipi barabara inaporomoka kuelekea Muyembe kwa kona juu ya kona. Hapo ndipo nilipomsikia jirani yangu, tukiwa ndani ya gari lake jipya kutoka Japani, akisema: "Hili lina VSC, haliwezi kuteleza."

Linateleza. Mfumo huu wa kompyuta wa kusaidia gari lisipoteze mwelekeo, ulioanza na Mercedes S-Class mwaka 1995, kwa kazi ya Bosch, hauongezi mshiko wa tairi hata chembe. Kihisi kimoja kinasoma usukani umekatwa wapi, kingine kinapima gari lenyewe linageuka kiasi gani, na kila gurudumu lina cha kwake cha kuhesabu mizunguko. Usukani ukikata kushoto huku pua ya gari ikikataa kufuata, kompyuta inapunguza nguvu ya injini na kubana breki ya gurudumu la nyuma la upande wa ndani wa kona. Mkia ukitoka nje, inabana la mbele la upande wa nje. Lakini kila gurudumu linagusa ardhi kwa kipande kinachokaribia ukubwa wa kiganja, na tairi likiwa kipara juu ya matope, kompyuta haina pa kushika.

Wengi pia huogopa taa ya dashibodi yenye picha ya gari na mistari ya kujipinda. Ikimetameta, mfumo unafanya kazi: umefika ukingoni, legeza mafuta. Ikibaki imewaka ndipo pana hitilafu, au mfumo umezimwa. Na ukinunua gari, fungulia swichi kabla ya kuwasha injini. Taa hiyo iwake kidogo kisha izime. Isipowaka kabisa, uliza kwa nini, kwa sababu wapo wanaoinyamazisha ili gari liuzike, na hilo linaniuma sana.

Kuhusu kitufe cha kushukia mlima, kilichokuja na Land Rover Freelander mwaka 1997, watu hudhani kinashika gari kwa injini. Hapana, kinatumia breki zilezile, pampu ya ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki) ikibana gurudumu moja moja. Ule mngurumo chini ya boneti ndiyo pampu yenyewe, si ubovu. Kazi yake ni mteremko mkali, wenye utelezi, kwa mwendo wa pole, kama njia za murram za Rubuguri, kusini magharibi mwa Uganda, baada ya mvua. Kwenye mteremko mrefu wa lami, chombo cha kuzuia gari ni gia ndogo. Breki zikibanwa kilomita baada ya kilomita zinachemka, na mafuta ya breki yaliyozeeka, yaliyonyonya unyevu, yanatoa mapovu. Pedali inazama hadi sakafuni, na hakuna kitufe cha kuirudisha.

Na ile tabia ya kuweka "free", yaani kutoa gia, ili kuokoa mafuta? Injini za sasa, ukiachia mafuta gari likiwa kwenye gia, hukata mafuta kabisa. Kwenye free injini inaendelea kunywa ili isizimike, na umeutupa msaada wake wote.

Siku ile harufu ya breki ilituingia kabla hatujafika tambarare. Jirani akasimama pembeni, moshi mwembamba ukitoka gurudumu la mbele. Tulisubiri karibu saa nzima, bila kumwagia maji, kwani diski yenye moto ikipata maji baridi hupinda. Tulipoondoka aliweka gia ya pili, na mguu wake haukugusa breki ila kwenye kona.