Kilichobadilika ni umbo au kitu chenyewe?

"Badiliko la kiumbo hurudi nyuma, la kikemikali halirudi." Wengi tuliikariri hivyo darasani, tukapata na alama zetu. Lakini vunja glasi, kisha ujaribu kuirudisha. Hairudi ng'o, na bado kila kigae ni kioo kilekile. Betri ya simu, kwa upande wake, hutoa umeme kwa mmenyuko wa kikemikali, na ukiichomeka kwenye chaja mmenyuko huo unarudishwa nyuma, tena mamia ya mara. Kwa hiyo usiulize kama kinarudi. Uliza kama kimezaliwa kitu kipya.

Wengine huamini viputo. Maji yakitokota, husema yanavunjika kuwa haidrojeni na oksijeni. Ingekuwa kweli, kuchemsha maji juu ya moto kungekuwa kucheza na mlipuko. Viputo vile ni maji yaliyogeuka mvuke, basi. Funua sufuria utazame matone yaliyoning'inia chini ya kifuniko.

Kutu nayo husingiziwa kwamba "inakula" chuma na kukipunguzia uzito. Kumbe inaongeza. Gramu 112 za chuma zikishika kutu yote hubeba gramu 48 za oksijeni kutoka hewani, hapo maji yanayojificha ndani ya kutu hayajahesabiwa. Msumari hupungua pale tu kutu inapobanduka na kuanguka.

Dhana ninayoipenda zaidi ni ya mshumaa: eti nta huyeyuka tu, kinachoungua ni utambi. Acha mshumaa uwake dakika chache, kisha uuzime kwa pumzi. Moshi mweupe utapanda. Upesi, ingiza njiti ya kibiriti inayowaka ndani ya moshi huo, sentimita moja au mbili juu ya utambi, bila kuugusa. Moto utashuka wenyewe na mshumaa utawaka tena. Ule "moshi" ni nta iliyokuwa mvuke, sasa inaanza kuganda hewani. Kuyeyuka na kuwa mvuke, nta ilibaki nta. Ilipoungua ndipo kemia ilipoingia. Shika glasi kavu, baridi, kichwa chini juu ya mwali kwa sekunde chache tu. Ndani itatanda ukungu. Hayo ni maji, na kwenye nta hayakuwemo hata tone.