Kwa nini vanila hutiwa kwenye bia nyeusi baada ya kuchachuka, na si wakati wa kuchemsha?

Mtu anayetengeneza bia nyeusi nyumbani na kutaka iwe na harufu ya vanila hupewa mapema agizo moja: asubiri bia imalize kuchachuka, ndipo atie vanila. Akiuliza sababu, mara nyingi huambiwa kwamba vanila ikichemshwa pamoja na maji ya kimea, harufu yake yote huruka na mvuke. Jibu hilo huingia akilini kwa urahisi, kwa kuwa wakati wa kuchemsha nyumba nzima hunukia vanila, na pua hainusi kitu ambacho hakijatoka sufuriani. Agizo lenyewe ni sahihi, ila sababu inayotolewa ina kasoro.

Harufu kuu ya vanila hutokana na vanilini, kemikali iliyotengwa mwaka 1858 na Mfaransa Nicolas-Théodore Gobley. Vanilini huchemka kwenye nyuzijoto takriban 285 za sentigredi, ilhali maji ya kimea yanayotokota hayazidi sana nyuzijoto 100. Ni kweli kwamba kiwango cha kuchemka peke yake hakimalizi hoja, kwa maana zipo kemikali zinazochemka kwenye joto kali lakini husafiri vizuri na mvuke, na mafuta ya karafuu hupatikana kwa njia hiyo hiyo. Vanilini haimo katika kundi hilo: sehemu yake inayobebwa na mvuke ni ndogo. Ndiyo maana keki iliyokaa ndani ya oveni kwa muda mrefu hutoka ikiwa bado inanukia vanila. Zinazoruka upesi ni baadhi ya harufu nyepesi zinazoambatana nayo, kwa kuwa tunda la vanila lina kemikali za harufu zaidi ya 200. Kwa hiyo wanaoulaumu mvuke hawajakosea kabisa. Wamemkamata mshiriki mdogo na kumwachia mhusika mkuu aendelee na kazi.

Mhusika mkuu ni hamira, inayotiwa baada ya maji ya kimea kuchemshwa na kupozwa ili iyachachushe. Vanilini ni aina ya aldehaidi, yaani molekuli yake ina ncha moja ambayo ni nyepesi kushikana na vitu vingine, na kwa hamira ncha hiyo ni sumu ikiwa nyingi. Hamira hujikinga kwa kutumia vimeng'enya vinavyopachika haidrojeni kwenye ncha ile, na vanilini hugeuka kuwa alkoholi ya vanilili, ambayo harufu yake ni hafifu mno. Ni sawa na mtu anayekuta kisu kikali sebuleni penye watoto, akakisugua jiweni mpaka makali yakaisha, kisha akakirudisha mezani. Mpini ni ule ule, uzito karibu ni ule ule, na atakayehesabu visu vya nyumba hiyo hataona kilichopungua. Atakayetaka kukata nyama ndiye atakayegundua kwamba hana kisu. Ndivyo ilivyo kwa bia iliyotiwa vanila mwanzoni. Sehemu kubwa ya kile kilichotoka kwenye tunda bado imo ndani ya chombo, ila imenyang'anywa ile ncha ambayo pua huitambua.

Kwa hamira hii si kazi ngeni. Hatua ya mwisho ya kutengeneza kilevi chenyewe ni kugeuza aldehaidi nyingine, asetaldehaidi, kuwa alkoholi, kwa utaratibu wa namna hiyo hiyo. Aidha, hesabu ya nguvu haiko sawa. Matunda mawili ya vanila yaliyokaushwa, yenye gramu tatu kila moja na vanilini ya takriban asilimia 2, huchangia kama gramu 0.12 tu kwenye bia ya lita 19. Chombo hicho kwa kawaida huanza na chembe za hamira zipatazo bilioni 200, na bado huongezeka. Lenye kuchekesha kidogo ni kwamba harufu hiyo ilizaliwa kwa kimeng'enya vilevile: tunda bichi halinukii, kwa sababu vanilini yake imefungwa kwenye sukari mpaka vimeng'enya vya tunda viifungue wakati wa kulitoa jasho na kulikausha.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka kwenye divai. Mbao za mwaloni zikichomwa kidogo hutoa vanilini, na mtu angetarajia kwamba divai iliyochachuka ndani ya pipa la mwaloni tangu mwanzo itakuwa na vanilini nyingi kuliko ile iliyoingizwa pipani baadaye. Mara nyingi huwa kinyume chake, kwa sababu ya kwanza imepitia mikononi mwa hamira ikiwa na nguvu zake zote. Bia si divai, na aina ya hamira, joto na muda hutofautiana, hivyo haitakuwa busara kuhamisha asilimia za huko na kuzileta huku. Kinachohamishika ni mwelekeo.

Njia iliyozoeleka basi ina mantiki. Haidromita, yaani kifaa kinachopima uzito wa kimiminika na hivyo kuonyesha sukari iliyosalia, ikionyesha kipimo kisichobadilika kwa siku kadhaa, na hamira nyingi ikiwa imetuama chini, matunda hupasuliwa kwa urefu, mbegu zikakwanguliwa, na vyote vikaloweshwa ndani ya vodka kwa siku chache kabla ya kumiminwa kwenye bia. Vodka husifiwa kwa kuua vijidudu, na husaidia, ingawa bia iliyokomaa tayari ina kilevi na uchachu unaowazuia wengi wao. Kwa vanilini pekee, hata maji yangetosha, kwa kuwa lita moja huyeyusha takriban gramu 10. Alkoholi inahitajika zaidi kwa utomvu na mafuta ya tunda, ambayo maji hayayavuti vizuri.

Bia nyeusi inayapokea haya kwa wema wa pekee. Vanila haiongezi sukari yoyote, lakini kwa walioizoea katika vyakula vitamu harufu yake huufanya ulimi uhisi utamu, na uchungu wa nafaka iliyokaangwa hulainika.

Palipobaki na hatari ni kwenye chupa. Anayetia sukari kidogo ili bia ipate gesi huiamsha tena hamira iliyosalia, nayo hurudia kazi yake kwa kiwango kidogo. Kwa hiyo wengi hukusudia vanila izidi kidogo siku ya kujaza chupa. Anayeingiza gesi moja kwa moja kwenye pipa lililopozwa hana haja kubwa ya kuzidisha, na anaweza kuonja leo akaamini ulimi wake.