Uko masomoni Uingereza na moyo umelemewa: uende wapi?

Swali: Huu mwezi wa tatu niko hapa. Silali, vipindi siingii, na mama akipiga nazima kamera namwambia niko salama. Ni upweke tu?

Kuwakumbuka wa nyumbani humpata karibu kila mgeni, hasa Desemba, jua la London linapozama kabla ya saa kumi jioni. Lakini zikipita wiki mbili hulali vizuri, chakula hakishuki na hupendi tena ulivyovipenda, usijiite mvivu. Huenda ni sonona (depression), nayo inatibika. Hiyo kamera unayoizima inanitia wasiwasi kuliko hata vipindi.

Swali: Nianzie wapi? Hela sina.

Umeshalipa! Ulipoomba viza ya masomo ya zaidi ya miezi sita ulitozwa ada ya afya, ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi. Jiandikishe kwa GP, yaani daktari wa eneo unaloishi, kabla hujazidiwa. Chuoni pia kuna wanasihi, bila malipo, ingawa vikao huwa vichache na foleni hurefuka mitihani ikikaribia. Ukiwa England, unaweza kujiombea mwenyewe mtandaoni, bila kupitia kwa daktari, NHS Talking Therapies, yaani tiba ya mazungumzo ya NHS, huduma ya afya ya umma.

Swali: Naogopa. Wazazi watajua? Viza je?

Hofu hii imewafungia wengi chumbani, na inaniuma. Mnasihi hutunza siri. Hampigii baba yako, wala haiandikii Uhamiaji kwamba umekuja kulia ofisini kwake. Siri huvunjwa pale maisha yako au ya mtu mwingine yanapokuwa hatarini. Kinachoweza kuigusa viza ni kutoweka kimya kimya, kwa sababu chuo ndicho mdhamini wako na kinatakiwa kutoa taarifa mwanafunzi akiacha kabisa kuhudhuria. Ukisema mapema, unaweza kuombewa muda wa ziada wa kazi zako. Kabla ya kuahirisha mwaka, onana kwanza na mshauri wa wanafunzi wa kigeni, maana hilo linagusa viza.

Swali: Kiingereza cha darasani ninacho, cha kueleza moyo sina.

Omba mkalimani wa Kiswahili. NHS ndiyo inayomlipa. Usimtumie rafiki, utamficha mengi. Na siku mbili tatu kabla ya miadi, andika kwenye simu: "Jumatatu nimelala kwa muda wa saa tatu tu. Nimekula biskuti." Daktari akisoma hayo ameshaelewa mengi. Kama una imamu au padri unayemwamini, mwone pia. Dua haigombani na tiba.

Swali: Na mawazo ya kujiua yakinijia?

Ukiwa hatarini sasa hivi, piga 999 au nenda idara ya dharura ya hospitali. Kwa msaada wa haraka piga 111, uchague afya ya akili. Samaritans, shirika linalosikiliza waliolemewa, wako 116 123, bure, usiku na mchana. Ukisubiri, usikae peke yako. Gonga mlango wa jirani wa bweni, hata kama hamjuani, umwambie: "Kaa na mimi."