Duka la mbwa, mashine za Edison

Ukiona picha ya zamani ya duka la Marekani lenye bango la yule mbwa anayesikiliza gramafoni, ni rahisi kudhani kwamba humo ndani ziliuzwa mashine za Victor, kampuni ya gramafoni yenye nembo ya mbwa huyo, peke yake. Dhana hiyo imezoeleka mno. Ukweli ni kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 wauzaji wengi waliweka Victor na mashine za mshindani wake, kampuni ya mvumbuzi Thomas Edison, chini ya paa moja, na wengi wao hata hawakuwa watu wa muziki: kazi yao ilikuwa baiskeli, fanicha au vyerehani.

Bidhaa zenyewe hazikuwa sawa. Hadi 1912 Edison aliuza silinda za nta, Victor wao sahani bapa. Kwenye silinda sindano hupanda na kushuka ndani ya mfereji. Kwenye sahani ya Victor huyumba kushoto na kulia. Santuri ya huyu haikupigika kwa yule. Isitoshe, mwenye mashine ya silinda aliweza kurekodi sauti ya mwanawe sebuleni, jambo ambalo mwenye Victor hakuliweza. Aliyetaka kabati la kupendeza sebuleni, na mfuko ukamruhusu, alionyeshwa Victrola, mashine ya Victor ya dola 200, iliyotoka 1906 ikiwa na tarumbeta ya kutolea sauti iliyofichwa ndani.

Kupunguza bei ndiko kulikokatazwa. Kampuni zote mbili ziliwafunga wauzaji kwa mikataba ya bei, mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ilipoukataa mpango wa Victor mwaka 1917.