Je, wajua kwa nini MRI, ile picha ya ubongo inayopigwa kwa mashine ya sumaku, inaweza kusomeka "safi" na bado mtu anaanguka kifafa?

Mgonjwa anaanguka kifafa, ndugu wanachangishana hela anapigwa MRI, jibu linarudi kwamba hakuna kitu, ubongo uko sawa. Jioni hiyo hiyo anaanguka tena. Hapo ndo maneno yanapoanza, huyu anasema mapepo, yule anasema anajifanyisha, na mgonjwa mwenyewe anabaki hajui ashike lipi. Kila familia yenye mgonjwa wa kifafa ingepaswa kujua hiki: picha kuonekana safi kwa macho haina maana kwamba ubongo hauna shida, kuna mabadiliko madogo mno ambayo jicho haliyashiki, na ndio maana siku hizi kuna wataalamu ambao hawaishii kuitazama picha, wanaipima.

Inapimwaje sasa? MRI nzuri inaugawa ubongo kwenye vijiboksi vya milimita moja kila upande, na kwa kuwa ubongo wa mtu mzima una ujazo wa lita moja na kitu basi unapata vijiboksi zaidi ya milioni moja, kila kimoja na namba yake ya mng'ao. Programu ya kompyuta inazichukua namba hizo inatenganisha sehemu moja na nyingine, inapima ujazo wa kila sehemu, unene wa gamba la ubongo (tabaka lake la nje), upande wa kushoto unatofautianaje na wa kulia, halafu inalinganisha na vipimo vya watu wazima wa afya wa umri na jinsia hiyo hiyo. Ni kama kadi ya kliniki ya mtoto, kilo tisa peke yake haikwambii chochote mpaka ujue mtoto ana miezi mingapi na mstari wake umeangukia wapi ukilinganisha na wenzake.

Mfano ulio wazi kabisa ni hipokampasi, kipande kidogo kilichojikunja ndani ya ubongo usawa wa sikio, kipo kulia na kushoto, na kinahusika sana na kumbukumbu. Kikisinyaa na kuweka kovu kinaweza kuwa chanzo cha kifafa, tena kwa watu wazima ambao dawa zimegoma hiki ni kati ya vyanzo vinavyokutwa mara nyingi. Na kifafa chenyewe sio lazima kiwe cha kuanguka na kutoa povu! Mtu anahisi kitu kinampanda kutoka tumboni, anaduwaa, anatafunatafuna mdomo, dakika moja au mbili anarudi hakumbuki kitu. Wengi wao ukiuliza historia unaambiwa utotoni alipata degedege refu la homa, la nusu saa na zaidi (watoto wengi waliopata degedege wanakua salama kabisa, mzazi usiogope).

Sasa hipokampasi iliyosinyaa sana daktari ataiona tu. Shida ni ile iliyopungua kidogo, au pale zote mbili zimepungua kwa hiyo hakuna upande mzima wa kulinganishia. Mwaka 1990 wataalamu wa Mayo Clinic kule Marekani walionyesha kwamba ukipima ujazo wake kwenye MRI unaweza kujua kifafa kinaanzia upande upi. Baadaye kikaongezeka kipimo cha muda, yaani ile ishara ya MRI inayotoka kwenye tishu inachukua milisekunde ngapi kufifia, kwa sababu kwenye kovu inachelewa kufifia kuliko kwenye tishu nzima.

Chanzo kingine kigumu zaidi ni kipande cha gamba la ubongo ambacho hakikujipanga vizuri tangu mtoto akiwa tumboni. Gamba lenyewe lina unene wa milimita mbili mpaka nne tu, kwa hiyo kasoro inaweza kuwa ni kunenepa kidogo sehemu moja, au mpaka kati ya sehemu ya kijivu na nyeupe kufifia, na hata daktari mzoefu anaweza kuipita. Mwaka 2025 watafiti wa mradi wa MELD, ambao kitovu chake ni London, walitoa matokeo ya programu ya akili bandia iliyofundishwa kwa picha kutoka vituo 23 vya kifafa, na iliweza kuonyesha karibu 64% ya kasoro za aina hii ambazo mwanzoni hazikuonekana kwenye MRI. Mimi hiyo namba ilinigusa sana, maana nyuma yake kuna watu walioambiwa hawana kitu.

Lakini namba peke yake haitoshi. Hipokampasi inasinyaa pia kwa uzee na kwa ugonjwa wa Alzheimer, mgonjwa akitikisika kwenye mashine vipimo vinaharibika, mashine mbili tofauti zinaweza kutoa majibu tofauti, na hizo programu wakati mwingine zinaonyesha sehemu ambayo haina shida. Lazima majibu ya vipimo hivyo yalingane na EEG, yaani kipimo cha umeme wa ubongo, na jinsi kifafa chenyewe kinavyoanza.

Faida yake ni kwamba chanzo kikijulikana tiba inabadilika. Karibu theluthi moja ya wagonjwa dawa haziwatoshi, na baadhi yao wanaweza kusaidika kwa upasuaji. Utafiti wa Canada wa 2001 ulichukua watu 80 wenye kifafa kinachoanzia sehemu ya ubongo iliyo usawa wa sikio, baada ya mwaka mmoja 58% ya waliopangiwa upasuaji hawakuwa tena na kifafa cha kupoteza fahamu, wakati waliobaki na dawa tu ni 8%. Na kwetu pia imefanyika, hospitali ya CURE pale Mbale, Uganda, waliripoti mwaka 2009 upasuaji wa aina hii wakitumia CT skani (picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta) iliyopangwa maalum kuangalia eneo hilo pamoja na EEG ya video. CT hiyo hiyo ndiyo inayoonyesha vizuri madoa magumu yanayoachwa kichwani na tegu wa nguruwe, chanzo kikubwa cha kifafa sehemu nyingi za Afrika Mashariki wanakofuga nguruwe bila kuwafungia.

Kwa hiyo ukienda kupiga MRI hakikisha fomu imeandikwa kifafa, sio "maumivu ya kichwa", maana tangu 2019 wataalamu wa shirika la kimataifa la kifafa, ILAE, walishapendekeza mpangilio maalum wa picha za kifafa, wenye vipande vyembamba vya milimita moja, na picha za vipande vinene huwezi kuzipima vizuri baadaye hata uwe na programu gani. Dawa usiache. Na ukipewa majibu omba CD yenye picha zenyewe, sio karatasi ya ripoti peke yake, uitunze, kwa sababu picha iliyosomwa safi leo inaweza kupelekwa kwa mtaalamu mwingine ikapimwa upya.