Saa ya Kiyama haikuhesabii siku zako

Kila Januari, jarida la Bulletin of the Atomic Scientists la Chicago likitangaza Saa ya Kiyama imewekwa wapi, simu yangu hujaa swali lilelile. Mwaka 2025 lilikuwa: "Mwalimu, ni kweli tumebakiwa na sekunde 89?" Nafundisha fizikia, na swali hili limenichosha.

Hatujabakiwa na sekunde yoyote. Saa ile ni mchoro wa ishara tu: saa sita usiku ndiyo maangamizi ya binadamu, na dakika au sekunde zilizobaki kuifikia huonyesha tuko karibu kiasi gani na hatari hiyo. Haitembei yenyewe, husogezwa na watu, tena hurudishwa nyuma. Msanii Martyl Langsdorf alipoichora kwa jalada la mwaka 1947, aliiweka saa sita usiku kasoro dakika saba kwa kuwa ilimpendeza machoni. Basi! Wasovieti walipolipua bomu lao la kwanza la nyuklia mwaka 1949, ikasogezwa hadi dakika tatu. Mwaka 1991 wao na Marekani walipotia saini mkataba wa kupunguza silaha, ikarudi hadi dakika 17.

Anayebisha namtajia Oktoba 1962. Makombora ya Wasovieti yako Cuba, meli za kivita za Marekani zimezingira kisiwa, dunia nzima roho juu. Mshale haukusogea. Ulikuwa dakika saba, ukabaki dakika saba, maana mgogoro ulipanda na kuisha kabla mshale haujaguswa. Uliposogezwa mwaka 1963 ulirudi nyuma hadi dakika 12, baada ya mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia angani. Saa hupima mwelekeo wa mambo, si habari za leo jioni.

Kwa hiyo ile sekunde moja, kutoka 90 za mwaka 2024 hadi 89 za mwaka 2025, haikupimwa maabara. Na hapa nawalaumu wenye jarida: walipoanza kutaja sekunde mwaka 2020, watu wakaona kama kuna refa ameshika saa mkononi.

Eti ni ya nyuklia tu? Tangu 2007 mabadiliko ya tabianchi yamo. Eti ni ya serikali ya Marekani? Jarida lilianzishwa mwaka 1945 na wanasayansi, baadhi yao wakiwa wametoka kutengeneza bomu lenyewe, na si mali ya serikali. Eti kompyuta ndiyo hukokotoa? Bodi ya wataalamu hukaa ikajadiliana.

Kila mwaka namba hutolewa pamoja na tamko linaloeleza kwa nini, na viongozi wa nchi zipi wafanye nini. Lisome hilo kwanza, ndipo uniulize. Picha ya saa peke yake usinitumie.